Profesa Broglio na Setilaiti za Ngomeni

Watu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wameyazoea majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini tangu miaka ya 1960. Lakini si wengi wamjuao aliyeyasimamisha: Luigi Broglio, Mtaliani.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, karibu na Venice. Alisomea uhandisi, akawa jenerali wa jeshi la anga na profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Setilaiti yake ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Desemba 1964.

Hata hivyo, nia yake ilikuwa kurushia kwenye ikweta. Nahodha hang'oi nanga kabla ya kuujua upepo, naye Broglio alianza kwa hesabu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mwendo huo ni mkubwa zaidi penye ikweta. Roketi ielekezwayo huko hupata msukumo wa bure. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hivyo mabaki ya roketi hayamwangukii mtu. Na chombo kizungukacho sambamba na ikweta hupita karibu na kituo kile kile kila mzunguko.

Hesabu zilikuwa lazima. Roketi ya Scout ilitumia fueli kavu, nayo ikishawashwa haizimiki. Kisha setilaiti ikifika juu, kituo huisikia kwa dakika chache tu kila ipitapo. Amri zake sharti ziwe tayari mapema.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka Ngomeni, ikichukua kipimo cha hewa ya juu alichobuni Broglio mwenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hadi mwaka 1988 setilaiti 9 zilikuwa zimeondoka hapo salama.

Broglio alifariki mwaka 2001, na kituo kikapewa jina lake. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na chuo alichofundisha yeye, kilipeleka angani setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya.

Elimu ya falaki si ngeni Pwani. Kwayo wazee wetu walipanga nyakati za sala. Basi tuwahimize watoto wetu hesabu, ili kesho wasibaki watazamaji wa yanayofanyika mlangoni pao.