Abdurrahman Ad-Dakhil na Ushindi wa Musara

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, safari hii tumemchagua mtu ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake katika somo la tarekhe: Abdurrahman bin Muawiya bin Hisham. Lakabu yake ni Ad-Dakhil, yaani mwenye kuingia, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza katika watawala wa Bani Umayya kuingia Andalus, nchi ambayo leo ni Uhispania na Ureno. Mara nyingi tunasimuliwa fahari ya Andalus na msikiti wa Cordoba (Qurtuba), lakini ni nadra kuulizana: kijana mkimbizi, asiye na jeshi wala hazina, aliwezaje kumshinda gavana mwenye mji, askari na chakula? Na ushindi ule ulimgharimu nini?

KUZALIWA KWAKE NA KUIKIMBIA SHAM

Alizaliwa Sham mwaka 113 Hijria (731 Miladia). Babu yake alikuwa Khalifa Hisham bin Abdulmalik. Baba yake alifariki mapema, hivyo akalelewa katika nyumba ya babu yake. Mama yake alikuwa Mberberi wa kabila la Nafza kutoka Maghrib. Tulikumbuke hilo, kwani litakuja kumfaa.

Mwaka 132 Hijria (750) Bani Abbas waliwashinda Bani Umayya katika vita vya mto Zab, Iraq, kisha wakaanza kuwasaka watu wa ukoo ule mmoja mmoja. Abdurrahman, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, alijificha katika kijiji kando ya mto Furati. Wanahistoria wanasimulia kuwa wapanda farasi wenye bendera nyeusi walipofika, yeye na mdogo wake walijitosa mtoni. Askari wakawaita kutoka ukingoni na kuwaahidi amani. Mdogo wake alichoka, akaamini ile ahadi, akarudi, na akauawa mbele ya macho ya kaka yake. Abdurrahman akaogelea mpaka ng'ambo.

Kuanzia hapo alitangatanga takriban miaka mitano: Palestina, Misri, Ifriqiya, hadi Maghrib. Aliyefuatana naye ni Badr, mtumwa aliyeachwa huru na familia yao. Gavana wa Ifriqiya naye alikuwa akiwawinda Bani Umayya, hivyo kijana akahama kabila hadi kabila, mpaka wajomba zake wa Nafza wakampa hifadhi karibu na pwani.

HALI YA ANDALUS

Ng'ambo ya bahari, Andalus ilikuwa na gavana aitwaye Yusuf Al-Fihri. Msaidizi wake mkubwa, na kwa hakika mwenye nguvu zaidi yake, alikuwa As-Sumayl bin Hatim, kiongozi wa Waarabu wa Qays. Waarabu wa Qays na wale wa Yemen walikuwa na uhasama wa miaka mingi uliotokea Mashariki. Mwaka 747 walipigana Shaqunda, karibu na Cordoba, na Wayemeni wakashindwa vibaya. Baada ya hapo ilikuja njaa ya miaka kadhaa, na watu wengi wakaihama nchi.

SABABU ZA USHINDI

Vita vya Musara vilipiganwa kwa siku moja tu, lakini sababu za ushindi zilianza kujengwa muda mrefu kabla.

Sababu ya kwanza ni mjumbe mwaminifu. Badr alitumwa Andalus peke yake kuonana na mawali wa Bani Umayya, yaani watu waliofungamana na ukoo ule, ambao walikuwa wakiishi Elvira na Jaen. Walikuwa mia chache tu, lakini walikuwa wamoja. Walimwendea As-Sumayl kwanza. Akasitasita, kisha akakataa. Hapo ndipo walipowageukia Wayemeni waliokuwa na kidonda cha Shaqunda. Mwaka 138 Hijria (755) Abdurrahman alivuka bahari na kushuka Almuñécar, katika pwani ya kusini.

Sababu ya pili ni uchovu na makosa ya adui. Yusuf alikuwa kaskazini, Zaragoza, akiwazima waasi. Viongozi wa waasi walipoangukia mikononi mwake aliwaua, na jambo hilo likawachukiza hata baadhi ya watu wake. Habari ya mgeni aliyeshuka pwani ilipofika, sehemu kubwa ya jeshi lake ilitawanyika kurudi makwao.

Sababu ya tatu ni kukataa kununuliwa. Yusuf alimpelekea Abdurrahman zawadi, akamwahidi ardhi na kumwoza binti yake. Kwa mtu aliyelala njaa miaka mitano, hiyo ilikuwa riziki kubwa. Lakini mazungumzo yalivunjika pale katibu wa Yusuf alipomtolea maneno ya dharau mzee mmoja wa mawali. Ulimi wa mtu mmoja ukaharibu sulhu iliyokuwa karibu kukamilika.

Sababu ya nne ni kuvuka mto. Katika masika ya mwaka 756 Abdurrahman alipita miji ya kusini akikusanya watu, akaingia Sevilla, kisha akaelekea Cordoba. Bendera yake ilikuwa kilemba kilichofungwa kwenye mkuki. Majeshi mawili yakafika Musara, uwanda ulio nje ya mji, na baina yao ukawa mto Guadalquivir (Al-Wadi Al-Kabir) uliofurika. Upande wa Yusuf kulikuwa na chakula. Upande wa Abdurrahman watu walikuwa na njaa. Maji yalipopungua, siku ya Arafa, Abdurrahman alituma ujumbe wa kuonyesha kuwa yuko tayari kwa amani. Yusuf akaamini, akawaacha wavuke bila kuwazuia, na akaamrisha wanyama wachinjwe kwa ajili ya karamu ya Idi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 10 Dhul-Hijja 138, badala ya karamu vikaja vita.

Sababu ya tano ni kujiweka sawa na watu wake. Kabla ya mapambano Wayemeni walianza kunong'ona kwamba kijana yule amepanda farasi mwepesi, na kwamba mambo yakiharibika atakimbia na kuwaacha. Habari ikamfikia. Hakukasirika wala hakuwahutubia. Alimwendea mkuu wao, Abu As-Sabbah, akamwomba wabadilishane: yeye achukue nyumbu wa yule mzee, na mzee achukue farasi. Mtu aliyepanda nyumbu hawezi kukimbia vita. Minong'ono ikakoma. Wapanda farasi wake wakavunja upande wa kulia na katikati ya jeshi la Yusuf. Upande wa kushoto, wa Qays, ukasimama imara hadi mchana, kisha nao ukavunjika. Yusuf na As-Sumayl walikimbia, na kila mmoja wao alipoteza mtoto wa kiume siku ile.

BAADA YA USHINDI

Wayemeni waliingia Cordoba na kuanza kupora nyumba ya Yusuf. Abdurrahman aliwazuia na kuwalinda wanawake na jamaa wa adui yake. Kisha akasalisha Ijumaa katika msikiti wa mji akiwa amiri. Lakini wale waliozuiwa kupora wakamkasirikia, na Abu As-Sabbah, yule yule mwenye nyumbu, akawashauri wenzake wamuue. Abdurrahman akalazimika kujiwekea walinzi dhidi ya watu waliomshindia vita saa chache zilizopita.

Hapo ndipo penye funzo. Wayemeni hawakupigana kwa kumpenda Abdurrahman, walipigana kulipiza kisasi cha Shaqunda. Chuki iliwaleta, na chuki haikuondoka waliposhinda. Katika miaka yake 32 ya utawala alipambana na maasi baada ya maasi. Yusuf alifanya sulhu, kisha akaasi na kuuawa. As-Sumayl alifia gerezani. Mwaka 763 lilizuka jeshi lililoungwa mkono na Bani Abbas, naye akazingirwa Carmona miezi miwili kabla ya kutoka na watu 700 na kulishinda. Baada ya hapo Khalifa Al-Mansur mwenyewe, adui yake, ndiye anayetajwa kuwa alimpa jina la Kipanga wa Kiquraishi. Abu As-Sabbah aliuawa mwaka 766. Hata Badr, aliyevuka naye nchi zote zile, mwishowe walikosana, akanyang'anywa mali na kufukuzwa mjini. Kila tunapoisoma habari ya Badr, moyo unaumia.

Mnamo 785 Abdurrahman alianza kuujenga msikiti mkuu wa Cordoba. Mji ulipotekwa mwaka 1236 ukageuzwa kanisa, na jengo hilo lipo hadi leo. Alifariki mwaka 172 Hijria (788), akarithiwa na mwanawe Hisham. Kizazi chake kilitawala Andalus hadi mwaka 1031.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, subira yake haikuwa ya kukaa na kungoja. Miaka mitano ya kukimbia aliitumia kutafuta jamaa, marafiki na habari.

Pili, uongozi ni kushiriki hatari na wale unaowaongoza. Nyumbu mmoja alisema zaidi ya hotuba.

Tatu, tusiseme kila alichofanya ni cha kuigwa. Waislamu waliuana siku ya Idi, baada ya upande mmoja kuonyesha amani isiyokuwa na ukweli. Yeye mwenyewe alimwona mdogo wake akiuawa kwa ahadi kama hiyo. Mtu aliyeumizwa na jambo anaweza kulifanya yeye mwenyewe kwa wengine, na hilo ni la kujihadhari nalo hata katika ugomvi wetu mdogo wa darasani na nyumbani.

Nne, umoja uliojengwa juu ya kumchukia mtu wa tatu haudumu. Huyo wa tatu akishaondoka, chuki hutafuta pengine pa kukaa.

Tunamwomba Allah azisamehe roho zilizotangulia, aziunganishe nyoyo zetu juu ya kheri, na awajaalie watoto wetu kuisoma tarekhe kwa mazingatio. Amin. Wallahu a'lam.