Shackleton na Ukuta wa Barafu

Ernest Shackleton alizaliwa Ireland mwaka 1874. Alitamani sana kufika Ncha ya Kusini ya dunia. Huko barafu hushuka polepole kutoka bara, ikaelea juu ya bahari, nayo ni pana karibu sawa na nchi ya Ufaransa. Ukingo wake husimama kama ukuta, na mara kwa mara hukatika.

Shackleton alimwahidi Kapteni Scott kwamba hatapiga kambi McMurdo, mahali pa Scott pa zamani. Basi Januari 1908 aliiendea ghuba ndogo aliyoiona katika ukuta ule mwaka 1902. Asiikute tena, ukuta ulikuwa umekatika, bahari imechukua vipande vyake. Akahofu: kama ungalikatika watu wamelala juu yake, wangaliangamia wote. Akajaribu pwani ya mashariki, barafu ikamzuia. Ndipo alipoivunja ahadi yake kwa uchungu mwingi, akajenga nyumba juu ya mwamba huko McMurdo.

Januari 1909, zikisalia yapata maili 112 kufika Nchani, chakula kilipungua, akarudi. Hakufa mtu wake hata mmoja. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1922.