Enoch Sontonga na Daftari Lililopotea

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, bila shaka alitazamia kwamba ningemchagua kiongozi wa nchi au shujaa wa vita. Nimemchagua mwalimu wa shule na mwongoza kwaya, aliyefariki Aprili 1905, miezi michache tu kabla ya Vita vya Majimaji kuzuka huku kwetu. Siku zangu hapa Mkula sikumbuki kulisikia jina lake hata mara moja. Hata hivyo, kila asubuhi tulipopanga mstari na bendera ikapanda, milima ya Udzungwa ikituangalia, tuliimba sauti aliyoitunga yeye. Tuliimba sote, Wakristo kwa Waislamu, pamoja na sisi tuliokuwa bado hatujajua tu wa wapi. Mtu huyo ni Enoch Sontonga. Ninayo sababu yangu ya kumchagua, nayo nitaieleza mbele, kwani si ya kujivunia.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, upande wa mashariki wa Cape, Afrika ya Kusini. Alikuwa Mxhosa. Alijifunza ualimu Lovedale, shule maarufu ya wamisionari kutoka Scotland, kisha akaenda kufundisha katika shule ya misheni ya Methodisti karibu na Johannesburg. Huko alikuwa mwalimu, mwongoza kwaya, mhubiri, na tena mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Ili tumwelewe mtu huyu, yafaa tujue kwamba Waxhosa walikuwa wamekwisha kuingia katika Ukristo kwa mlango wa nyimbo tangu zamani. Karibu miaka 80 kabla ya Sontonga kushika chaki, alikuwapo mtu aitwaye Ntsikana, aliyefariki mwaka 1821. Hakujua kuandika. Aliwakusanya watu wake asubuhi na jioni, akawafundisha habari za Mungu kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe, kwa sauti walizozizoea. Waliomsikia walizishika nyimbo hizo vichwani mwao, na baadaye ndipo zikaandikwa. Kwa hiyo hata mzee asiyejua herufi moja aliweza kwenda na imani yake yote shambani na machungani.

Wamisionari nao walileta kitu kingine kilichosaidia sana, yaani nota za do, re, mi, zinazoandikwa kwa herufi za kawaida. Kila aliyepita katika kwaya yetu anazijua. Hazihitaji piano wala karatasi yenye mistari mitano. Zinahitaji kalamu, daftari na sikio jema. Kwa nota hizo mwalimu maskini aliweza kutunga wimbo wa sauti nne usiku, na kesho yake wanafunzi wakauimba. Ndivyo alivyofanya Sontonga.

Miaka ile Johannesburg ulikuwa mji mpya. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886, na watu walikuwa wakimiminika kutoka kila upande kwenda kuchimba, wakiacha wake zao, wazee wao na makaburi ya babu zao. Kati ya watu hao ndipo kijana Sontonga alipofundisha na kuhubiri. Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka kama 24, alitunga ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, akauita Nkosi Sikelel' iAfrika. Ulikuwa ni sala ya kuiombea Afrika baraka. Haukuwa wimbo wa siasa, wala hakuna aliyeuagiza. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu wengi katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja Mwafrika wa Kimethodisti.

Kwaya yake ilizunguka ikiimba, na waongoza kwaya wengine wakaja kumwomba nyimbo. Yeye alikuwa akiziandika zote kwa mkono katika daftari moja. Lakini hakupewa siku nyingi. Tarehe 18 Aprili 1905 alifariki, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na ushei. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein mjini Johannesburg, sehemu ya Wakristo Waafrika, na katika kitabu cha makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch peke yake. Mjane wake aliishi hadi mwaka 1929. Daftari likaazimwa na huyu, likapita kwa yule, hatimaye likaingia mikononi mwa jamaa mmoja wa ukoo, na tangu hapo halijaonekana tena. Nyimbo zake nyingine zilizokuwamo zimepotea pamoja nalo.

Wimbo mmoja ulipona kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuingia vinywani mwa watu. Kwaya ya shule ya Ohlange, shule ya John Dube, iliusambaza katika tamasha zake. Tarehe 8 Januari 1912, huko Bloemfontein, uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, sauti hiyo ilikuwa ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia iliichukua pia mwaka 1964, na Zimbabwe iliitumia tangu 1980 hadi 1994. Afrika ya Kusini yenyewe ilingoja hadi mwaka 1994.

Wakati huo ndipo wenyeji walipoanza kujiuliza mtunzi amelala wapi. Walitafuta jina la Sontonga katika vitabu vya makaburi wasilione, mpaka walipolitafuta jina la Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Mandela alizindua mnara wa ukumbusho juu ya kaburi lile. Miaka 91 ilikuwa imepita.

Sasa nieleze sababu yangu. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya Mto Kilombero, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekwenda kanisani. Nilipofika shuleni niliingia kwaya kwa sababu kwaya ilikuwa ikipakiwa katika lori kwenda kuimba Ifakara, na huko ililishwa wali. Niliimba maneno ya wokovu miaka miwili kama kasuku. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye wa rika langu watamkumbuka, alitunga nyimbo nyingi kwa sauti za wavunaji wa mpunga na wapiga kasia wa bonde hili, na mimi alinipa kazi ya kuzinakili kwa nota katika daftari kubwa la kwaya.

Nilipokuwa kidato cha tatu baba yangu alifariki. Nilivuka mto kwa kivuko, nikafika nyumbani, nikaketi kando ya mama usiku kucha. Hapakuwa na mtu aliyeweza kutamka neno la kufaa. Alfajiri nikajikuta ninaimba, kwa sauti ndogo, wimbo mmoja wa mwalimu wetu. Sikuwa nimekusudia. Nilipofika katikati nikagundua kwamba yale niliyokuwa nikiyaimba ninayahitaji yawe kweli. Mama akaniomba niurudie. Kabla ya likizo kwisha alikuwa ameushika wote, yeye ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Mwaka uliofuata tulibatizwa siku moja, mama na mimi. Alifariki akiwa mkristo wa nyimbo, maana katekisimu yake yote ilikuwa ni nyimbo. Aliponiuliza jambo la dini, aliniuliza kwanza liko katika wimbo upi.

Lakini daftari lile, ndugu zangu, sikulirudisha. Nilipomaliza kidato cha nne nililitia katika sanduku langu la bati, nikijiambia kwamba nitalinakili na kulirejesha muhula utakaofuata. Mihula ikawa miaka. Mwalimu akafariki. Mara mbili, katika mikutano yetu, nimewasikia wenzangu wakisikitika kwamba nyimbo za mwalimu zimepotea, na mara zote mbili nilitazama chini, nikanyamaza. Niliona haya. Kila nilivyozidi kukawia, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema.

Niliposoma habari za daftari la Sontonga ndipo moyo uliponichoma. Mtu aliyelificha lile labda hakuwa mwizi. Labda alilipenda mno tu, kama mimi. Wahenga hawakukosea kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo bila watu wa kuliimba ni karatasi tu, chakula cha mchwa. Wimbo wa Sontonga haukuokolewa na kabati, uliokolewa na vinywa. Na mimi nilikuwa nimewanyima wengine mlango ule ule ambao mimi na mama yangu tulipitia.

Kwa hiyo katika mkutano wetu wa mwaka huu nitakuja nalo. Jalada limekatika na kurasa nne za mwanzo zimeliwa na mende, lakini nota zinasomeka. Nitalikabidhi kwa kwaya ya shule, na nikiruhusiwa nitakaa na vijana jioni moja niwaonyeshe sauti ya nne, kama koo itanikubalia. Jina la mwalimu wetu nimeliandika kamili, la kwanza na la ukoo, juu ya kila wimbo, asije naye akaandikwa jina moja tu.

Nanyi vijana mnaosoma hapa sasa, kesho asubuhi mstarini, bendera itakapopanda, kumbukeni kwamba mnaimba sala ya mwalimu wa shule, aliyeitunga kwa nota kama zenu, katika daftari kama lenu. Imbeni mkijua mnaongea na nani. Wazee wenzangu, kama yuko mwingine mwenye kitu cha shule sandukuni mwake, na aje nacho. Nafasi ya kuona haya iko kubwa, tutaketi pamoja.