Sultani Barghash na Mafundi wa Nakshi

Safari hii nawaletea maisha ya Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Msiseme Unguja ni mbali na Loitokitok; someni kwanza.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua ndugu yake Majid. Alishindwa, akahamishiwa Bombay, Bara Hindi. Majid alipofariki mwaka 1870, yeye ndiye aliyetawala. Utawala wenyewe haukuwa mteremko! Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu, na mwaka 1873 Waingereza wakamlazimisha kufunga soko la watumwa.

Hata hivyo hakukaa bure. Aliwaletea watu wa mjini maji safi ya mfereji, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lenye milango mikubwa iliyochongwa maandishi ya Kiarabu. Sifa za jumba hilo alizipata Sultani. Mimi nauliza, je, fundi aliyeshika patasi?

Mwaka 1882 Barghash alikuwa ametoa sarafu zake mwenyewe. Pesa yake ya shaba ilikuwa na jina lake upande mmoja, na mizani upande wa pili. Lakini Unguja ya siku zile ilikuwa na mafundi watumwa, na ujira wao haukuwa wao wote. Sehemu ilikwenda kwa bwana. Yaani mtu atoke jasho kutwa nzima, halafu pesa ziende kwa aliyekaa barazani! Mizani gani hiyo?

Barghash naye alipunjwa. Mwaka 1885 alimtuma Jenerali Mathews mpaka Kilimanjaro, na wakuu wa Wachaga wakaikubali bendera yake. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakamwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mpaka waliouchora ndio huu unaopita karibu nasi, mlima ukaangukia upande wa pili. Alifariki mwaka 1888.

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Wenzangu, kulirudisha jumba kama hilo si kazi ya sultani, ni kazi ya fundi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Basi tukimwita fundi, tumlipe chake chote, mkononi mwake, na jina lake tuliandike.