Mary Lincoln: Mke wa Rais aliyekopa harusi, akalipa matanga

MIONGONI mwa wanawake waliowahi kuishi Ikulu ya Marekani wakiwa wake wa marais, ni wachache waliolaumiwa kwa ufujaji kama Mary Todd Lincoln, mke wa Rais wa 16 wa nchi hiyo, Abraham Lincoln.

Mary alizaliwa Desemba 13, 1818 mjini Lexington, Kentucky, akiwa binti wa mfanyabiashara tajiri aliyemiliki watumwa. Tofauti na wasichana wengi wa zama zake, alipata elimu ya kutosha na kuimudu lugha ya Kifaransa. Novemba 4, 1842 aliolewa na Lincoln, mwanasheria aliyekulia katika umaskini, na wakajaaliwa watoto wanne wa kiume.

Lincoln alipoapishwa Machi 1861, familia hiyo iliikuta Ikulu ikiwa imechakaa. Bunge lilitenga dola 20,000 za ukarabati, zilizokusudiwa kutosha kwa miaka minne. Mary alifunga safari hadi New York na Philadelphia, akaagiza mazulia, mapazia, samani na vyombo vya kauri vya Kifaransa. Kabla mwaka haujaisha, fedha hizo zilikuwa zimekwisha na maelfu ya dola zaidi yalikuwa yakidaiwa.

Wakati huo vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyoanza Aprili mwaka huohuo, ilikuwa imepamba moto. Rais alighadhibika kuona fedha za umma zikiteketea kwa mapambo ilhali askari wanakosa mablanketi. Hata hivyo, Bunge baadaye lilipitisha kimyakimya fedha za kuziba pengo hilo.

Februari 5, 1862 Mary aliandaa karamu ya wageni wapatao 500, huku mwanawe William akiugua ghorofani. Mtoto huyo alifariki dunia siku 15 baadaye. Msiba huo ulimwumiza mno mama yake, lakini haukumwachisha tabia ya kununua.

Mzigo mzito zaidi ulikuwa wa siri. Wafanyabiashara wa New York walimkopesha mavazi na vito bila kusita, kwa kuwa alikuwa mke wa Rais. Mshonaji wake, Elizabeth Keckley, aliyewahi kuwa mtumwa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1868 kwamba kufikia uchaguzi wa 1864 deni lilikuwa dola 27,000. Mshahara wa Rais kwa mwaka mzima ulikuwa dola 25,000. Lincoln hakuwa na habari, na Mary aliogopa kwamba mumewe akishindwa, wadai wangejitokeza.

Lincoln alishinda. Lakini usiku wa Aprili 14, 1865 alipigwa risasi katika ukumbi wa maonyesho jijini Washington akiwa ameketi kando ya mkewe, akafa asubuhi iliyofuata. Wadai hawakungoja matanga yaishe.

Mwaka 1867, Mary alikwenda New York kwa jina la bandia kuuza nguo zake za Ikulu. Wengi walifika kutazama, wachache wakanunua, na magazeti yakamfanyia dhihaka. Mirathi ya takriban dola 36,000 aliyoipata baadaye, na pensheni ya dola 3,000 kwa mwaka iliyoidhinishwa na Bunge mwaka 1870, havikumwondolea hofu ya ufukara.

Mei 1875, Robert, mtoto pekee aliyekuwa amebaki hai, alimfikisha mahakamani jijini Chicago akidai mama yake amerukwa na akili. Miongoni mwa ushahidi ulikuwa ununuzi wake, yakiwamo mapazia ilhali hakuwa na nyumba ya kuyatundika. Jopo la wanaume 12 lilikubali, naye akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alitoka baada ya miezi michache, na mwaka 1876 jopo jingine likamrejeshea haki ya kusimamia mali yake.

Alifariki Julai 16, 1882 akiwa na umri wa miaka 63, mjini Springfield, katika nyumba ya dada yake, ile ile alimofungia ndoa.

Wafanyabiashara waliokikopesha cheo cha mumewe hawakuhojiwa, wala wabunge waliofidia matumizi yake kwa fedha za umma. Mjane peke yake ndiye aliyesimamishwa kizimbani, tena wakati ambapo fedha alizokuwa akitumia zilikuwa zake mwenyewe.