Kadhi Abu Yusuf, Mtetezi wa Wafungwa

Ndugu mwanafunzi, jina lake khasa ni Yaqub bin Ibrahim. Alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 113 Hijria (731), katika nyumba ya kimaskini. Mwalimu wake, Imamu Abu Hanifa, alimsaidia kwa fedha ili asiache kusoma. Kwa mujibu wa riwaya mashuhuri, Imamu huyo alifungwa kwa kukataa ukadhi.

Khalifa Harun Rashid alimfanya Abu Yusuf Kadhi Mkuu, wa kwanza katika Uislamu. Alipotakiwa aandike juu ya kodi, alitunga Kitabul-Kharaj, na humo akawatetea wafungwa. Zama zile walitolewa na minyororo yao kuomba chakula njiani. Abu Yusuf alitaka jambo hilo likomeshwe. Kila mfungwa asiye na kitu apewe dirhamu 10 kwa mwezi, mkononi mwake, kwani mkate ungeibiwa na walinzi. Apewe nguo za baridi na za joto. Akifa hana jamaa, aoshwe, akafiniwe na kuswaliwa kwa gharama ya Baitul-Mali. Mtuhumiwa asipigwe ili akiri, na kukiri kwa kipigo ni batili.

Alifariki Baghdad mwaka 182 Hijria (798). Allah amrehemu.

Funzo: kutuhumiwa si kuthibitika. Ukiona picha ya mtuhumiwa gazetini, usiharakie kumwita mwizi. Na aliyehukumiwa naye hajavuliwa ubinadamu wake.