Jimmie Rodgers na Kasumba ya Kudharau Muziki wa Wengine

Ukiingia katika chumba cha walimu wakati wa chai, hapa Nakuru au kule Molo, na ukitaka kuzusha ubishi usiokwisha mpaka kengele ilie, taja muziki wa kantri. Mmoja atacheka. Wa pili atasema huo ni muziki wa walevi na wazee waliokata tamaa. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye shahada nyingi kuliko wenzake, atatikisa kichwa na kueleza kwamba mtu aliyesoma husikiliza jazi, au kwaya zilizotungwa na Wajerumani wa karne ya 18, na kwamba hayo mengine yote, yaani kantri, mugithi na magita ya Wakalenjin, ni kelele za watu wa mashambani. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi. Nakiri kwamba zamani niliyasema mimi mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli mjini humu. Jumamosi jioni, akishaoga na kubadilisha nguo, alikuwa akiweka kanda za Jim Reeves na Charley Pride katika redio kaseti yake, na nyumba nzima ilijua kwamba juma limekwisha. Nilipokwenda shule ya bweni nilijifunza, pamoja na hisabati na jiografia, kuuonea haya muziki huo. Likizo moja mwanafunzi mwenzangu alikuja kututembelea, nami nikazificha kanda zile chini ya kitanda. Baba alizitafuta jioni nzima. Hakuuliza mtu.

Kwa hiyo msomaji mpendwa asidhani kwamba nayaandika haya kama hakimu. Nakusudia kusimulia maisha ya mtu ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri, na ambaye jina lake lilifika katika nchi yetu ya Bonde la Ufa kwa njia ya ajabu, miaka mingi kabla ya kanda za baba yangu.

James Charles Rodgers, maarufu kwa jina la Jimmie, alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Mji aliouita kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Meridian ulikuwa mji wa reli, kama Nakuru ulivyokuwa baada ya njia ya kutoka Mombasa kufika hapa mwaka 1900. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Kijana huyu alilelewa huku na huku miongoni mwa jamaa, na alipokaribia umri wa miaka 13 alitoroka nyumbani kufuata kikundi cha wachuuzi wa dawa waliokuwa wakiwavuta wateja kwa nyimbo na michezo. Baba yake alimrudisha na kumtafutia kazi ya kuwachotea maji vibarua wa reli.

Hapa ndipo panapowasumbua wapenda kuainisha. Wengi wa vibarua wale walikuwa watu weusi. Sheria za Mississippi za wakati ule ziliwatenganisha weusi na weupe shuleni, hotelini na hata makaburini, lakini hazikuweza kumzuia mtoto mwenye ndoo ya maji kusikiliza. Watu wale waliimba wakinyanyua mataruma na kusukuma vyuma vya reli, mmoja akianzisha na wengine wakipokea. Walimfundisha kupiga gita na banjo. Bluzi aliyokuja kuiimba, ambayo wauzaji walimtaka kila mnunuzi aione kuwa muziki wa Wazungu wa mashambani, ilikuwa imetoka vinywani mwa wazukuu wa watumwa. Juu yake aliongeza yodeli, yaani ule mtindo wa kuikata sauti ghafla kutoka kifuani na kuirusha juu kabisa, mtindo ambao asili yake ni wachungaji wa milima ya Uswisi na jirani zake.

Alipopata umri alifanywa mshika breki, akisafiri na garimoshi na kuunganisha na kuachanisha mabehewa. Angaliendelea na kazi hiyo mpaka uzee, lakini mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Wakati huo dawa ya ugonjwa huo haikuwapo. Kazi ya reli ilimshinda, akabaki na gita, mke, binti mdogo na madeni.

Mwaka 1927 bwana mmoja aliyeitwa Ralph Peer, aliyefanyia kazi kampuni ya Victor, alifika Bristol, mji uliopo mpakani mwa Tennessee na Virginia, akaweka mitambo ya kurekodia katika jengo lililokuwa la wauza kofia. Jamaa ya Carter, ambayo nayo ingekuja kuwa maarufu, ilikuwa imerekodi siku chache tu kabla. Rodgers alifika na bendi yake, ila wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye sahani, wenzake wakajitenga naye. Tarehe 4 Agosti aliingia peke yake na gita lake, akaimba nyimbo mbili. Hazikuuzwa sana. Mwezi Novemba mwaka huohuo alirekodi tena huko Camden, New Jersey, wimbo wa kwanza katika ule mfululizo uitwao Blue Yodel, na baada ya hapo hakuwa tena mtu wa kukopa nauli.

Peer huyuhuyu alikuwa miongoni mwa waasisi wa soko la sahani lililogawanywa kwa rangi. Orodha moja iliuza nyimbo za watu weusi, nyingine nyimbo za Wazungu washamba wa milimani, na jina hilo la mshamba wa milimani lilikuwa tusi hasa. Mwaka 1926 gazeti la Variety la New York, lililosomwa na watu wa sanaa, liliandika habari za muziki huo kwa namna iliyowafanya wenyewe waonekane mbumbumbu wasiokuwa na akili timamu. Mwandishi hakujishughulisha kutofautisha mwimbaji huyu na yule. Alihukumu fungu zima kwa pigo moja. Wako pia wataalamu waliokwenda katika milima ile kutafuta nyimbo za kale za Kiingereza, nao wakaipuuza banjo kwa kuwa si ya kale na si ya Uingereza. Mmoja alimdharau mshamba kwa ushamba wake, mwingine alimtaka awe mshamba zaidi kuliko alivyokuwa.

Mimi ni mtu wa isimu, na sifa moja ya taaluma yetu ni kwamba tunaijua tabia hii tangu zamani. Hakuna lahaja isiyokuwa na sarufi. Anayesema kwamba lahaja fulani ni mbovu, ukimhoji kwa makini, huona kwamba hana habari ya vitenzi vyake wala irabu zake; anachokijua ni nani wanaoisema. Nadhani ndivyo ilivyo katika muziki. Mtu anaweza kutoupenda wimbo, na hiyo ni haki yake. Lakini anapoutupilia mbali muziki wa aina nzima, mara nyingi huwa hajausikiliza. Ameutazama umati unaoucheza.

Turudi kwa Rodgers. Tarehe 16 Julai 1930, huko Hollywood, alirekodi Blue Yodel ya 9. Aliyempigia tarumbeta ni Louis Armstrong, na piano ilipigwa na mkewe Armstrong, Lil Hardin. Jazi na muziki wa washamba walikutana katika chumba kimoja, mweusi na mweupe, na wimbo ukatoka mzima. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye sahani. Laiti lingaliandikwa, muuza duka asingalijua aiweke katika rafu ipi! Yule mwalimu mwenye shahada nyingi, anayemsifu Armstrong na kuidharau kantri, ningependa siku moja aisikilize sahani hiyo kabla hajaambiwa ni ya nani.

Miaka hii ndiyo iliyokuwa ya siku zake za neema, na pia za kufa kidogokidogo. Alijenga jumba huko Kerrville, Texas, kwa ajili ya hewa kavu, akalazimika kuliuza. Aliimba waziwazi habari za kifua kikuu chake, jambo ambalo waungwana wa wakati ule waliona si adabu. Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kurekodi ili mke na binti wabaki na chochote. Aliwekewa kitanda cha kupumzikia baina ya nyimbo. Alirekodi wimbo wa mwisho tarehe 24, na tarehe 26 akafariki hotelini, akiwa na umri wa miaka 35. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa garimoshi. Katika muda usiofika miaka 6 alikuwa amerekodi nyimbo zipatazo 110. Mwaka 1961, muziki ule ulipoanzishiwa ukumbi wa heshima huko Nashville, yeye alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa. Waliomcheka hakuna anayewakumbuka.

(Wasomaji wa pwani watanikumbusha, na wana haki, kwamba mwaka 1928, mwaka mmoja baada ya Bristol, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na kwamba naye alikuwa amebezwa kwa asili yake ya kitumwa na kazi yake ya kuuza vyungu. Hicho ni kisa kinachostahili makala yake.)

Sasa, tokea hapa Nakuru, panda hadi Mau Summit, pita Londiani na Kericho, endelea kama mtu aendaye Sotik, na baada ya Litein utafika Kapkatet. Enzi za ukoloni, santuri za kukoroga kwa mkono zilienea katika nchi yetu kwa mikono ya walowezi, wamisionari na wauza maduka, na sahani za Rodgers zikafika mpaka kwa Wakipsigis. Mwenyewe alikuwa kaburini tayari. Wasikilizaji hawakujua Kiingereza cha Mississippi, hawakujua kama huyu anahesabiwa mshamba au mwungwana, wala hawakuwa wameambiwa kwamba ni muziki wa kuonewa haya. Waliipenda sauti.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alifika Kapkatet na mitambo yake. Tracey alikuwa na kasoro yake. Alitafuta muziki wa asili na aliuonea shaka ule wa mijini ulioiga mambo ya kigeni. Naye akaimbiwa Chemirocha! Si mara moja. Wazee waliimba yao, na mabinti wakiongozwa na Chemutoi Ketienya waliimba yao, wakifuatana na chepkong'o, ile ala ya nyuzi ya Wakipsigis. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama. Kikalenjin hakitofautishi sauti ghuna na zisizo ghuna kama Kiingereza kifanyavyo, kwa hiyo j ya Jimmie na ile iliyomo ndani ya Rodgers zote zimekuwa ch. Tena jina zima limekaa kana kwamba lilizaliwa palepale, kwa sababu Che- ndiyo silabi inayotangulia majina mengi ya kike, kama Chebet na Cherono. Mshika breki wa Mississippi alipewa mwanzo wa jina la msichana.

Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na mabinti walimwalika aje acheze mpaka nguo zimtoke. Wasomi wengine wameona katika jambo hilo ujinga wa watu waliodhani sanduku la santuri lina jini. Mimi naona mzaha wa wasichana, na utunzi wa hali ya juu: walichukua sauti ya mgeni, hawakuiiga hata kidogo, wakaitungia wimbo kwa lahani yao na ala yao. Mwenye kutaka usafi wa asili atauona wimbo huo una doa la gramafoni. Mwenye kutaka ustaarabu wa ng'ambo atauona wa kishenzi. Katikati ya dharau hizo mbili, wimbo wenyewe umeendelea kusikilizwa duniani kwa zaidi ya miaka 70.

Katikati ya miaka ya 2010 nakala za nyimbo hizo zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa, pamoja na watoto wa waliokwisha kufariki, wakazisikia tena. Mimi nilizipata wakati nikiandika tasnifu yangu kuhusu maneno ya mkopo katika lugha za Bonde la Ufa, nilitafuta konsonanti. Nilimpelekea baba. Wakati huo alikuwa amestaafu na macho yamefifia. Alisikiliza mara mbili, akataka kujua mwimbaji huyu waliyemwita hivyo alifanya kazi gani kabla ya kuimba. Nilipomjibu kwamba alikuwa mtu wa reli, alinyamaza kitambo, kisha akaniagiza nimletee zile kanda zake. Zilikuwa bado katika sanduku la bati, chini ya kitanda kilekile, na mbili kati yake zilikuwa zimeliwa na unyevu.